Harusi, Kilio na Mikutano Siku za Maradhi

Mtu akipita Bel-Air au Bongonga, hapa komini ya Kampemba, siku ya Jumamosi mchana, hana haja ya kuuliza habari za mtaa. Hema la turubai limefungwa mpaka nusu ya njia, viti vya plastiki vimepangwa, akina mama wanapepea makala chini ya masufuria, na bukari ya watu mia iko karibu kusongwa. Swali hubaki moja tu: Je, ni harusi ama ni kilio? Maana hema ni lile lile, viti ni vile vile, na mara nyingi hata wapishi ni wale wale.

Basi, tarehe 18 Machi 2020 hema hilo lilikunjwa. Siku nane zilikuwa zimepita tangu mgonjwa wa kwanza wa Korona atangazwe Kinshasa. Rais Félix Tshisekedi akasema na nchi nzima: mikutano na sherehe za watu zaidi ya 20 mahali pa watu wote zimekatazwa, shule, makanisa, baa na nyumba za chakula zifungwe, kilio kisifanywe ukumbini wala nyumbani, bali maiti atolewe chumba cha maiti na kupelekwa moja kwa moja makaburini, pamoja na wasindikizaji wachache. Siku chache baadaye ndege iliyotoka Kinshasa ilitua Lubumbashi ikiwa na watu walioshukiwa kuwa na ugonjwa, na Gavana Jacques Kyabula Katwe akaufunga mkoa wote wa Haut-Katanga kwa saa 48, kuanzia tarehe 23 Machi. Kila aliyekuwa na watoto wa kulisha anazikumbuka saa zile.

Kwetu kulikuwa na harusi. Mdogo wetu wa kike alikuwa aolewe tarehe 18 Aprili, Jumamosi baada ya Pasaka. Mahari ilikwisha kupokelewa, nguo zilikwisha kushonwa, mwenye ukumbi alikwisha kupewa arbuni, na orodha ya waalikwa ilikuwa imefika majina 312. Tulipomwambia baba mkubwa ya kwamba haiwezekani tena, hakuukasirikia ugonjwa wala serikali. Alituuliza neno moja tu: “Wale niliokula kwao, nitawaambia nini?”

Swali hili lilitufundisha kuliko matangazo yote ya redio. Wengi walidhani ya kwamba sherehe zetu ni anasa, na ya kwamba kuzipunguza ni kazi ya kukata majina tu. Sivyo. Karamu kwetu ni deni. Huyu alituletea mfuko wa unga tulipofiwa. Yule alikesha nasi usiku tatu. Mwingine alitukalisha kiti cha mbele binti yake alipoolewa. Ukimwacha nje bila neno, hukupunguza chakula, umelikana deni. Kwa hiyo mwenye kupanga sherehe siku za maradhi yampasa kupanga mambo mawili: ni nani atakayekuwapo, na yule asiyekuwapo atatendewa nini. Wengi walipanga la kwanza tu, na ugomvi wao unaendelea hata leo.

Tuliketi uani na baba mkubwa, tukaigawanya harusi vipande vyake. Mahari ilikuwa imekwisha. Komini ilihitaji bwana na bibi na mashahidi. Kanisa lilihitaji padri, wenyewe na mashahidi wao. Kilichobaki kilikuwa karamu, nayo peke yake ndiyo iliyotaka watu 312. Tulipoona hivyo tulicheka, kwa maana miezi minane tulikuwa tumehangaikia karamu, na yale mengine tulikuwa hatujayafikiri hata kwa saa moja.

Serikali ilipoondoa hali ya hatari mwezi wa Julai, makanisa yalifunguliwa tena tarehe 15 Agosti. Mdogo wetu aliolewa tarehe 29 ya mwezi huo. Tungaliweza kuongeza watu, lakini tulichagua 40: 20 upande wetu na 20 upande wa wakwe, kila tawi la ukoo likijichagulia mjumbe wake. Shauri hili lilikuwa la baba mkubwa mwenyewe. Alisema: “Nikichagua mimi, nitachukiwa mimi. Wachague wao.” Kisha akatutuma sisi vijana, wawili wawili, kwa kila nyumba isiyoitwa. Tusiingie ndani, tusimame uani, tutoe habari kwa heshima kabla mwenye nyumba hajasikia kwa jirani. Safari hizo zilituchukua siku kumi na moja, na viatu vilikwisha. Hakuna aliyetufukuza.

Arbuni ya ukumbi ilipotea nusu. Mwenye ukumbi alisema ya kwamba tarehe ilipita nasi hatukuja. Nasi hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha. Tangu siku hiyo, jirani akituomba shauri, twamwambia aandike tarehe mbili, si moja, na aandike pia ya kwamba serikali ikikataza mkusanyiko, fedha itahamia tarehe ya pili. Watie sahihi wote wawili na shahidi mmoja. Mwenye hema na mwenye muziki vivyo hivyo. Anayekataa kutia sahihi, afadhali kumjua mapema.

Sasa tuseme juu ya kosa ambalo sisi wenyewe tulilifanya. Katika miezi ile kila mlango wa Kampemba ulikuwa na ndoo ya maji yenye bomba, na sabuni juu ya kigoda. Mtu ananawa, anaingia, anaketi katika chumba kilichofungwa madirisha, bega kwa bega na watu sitini, nao wanaimba saa tatu. Ndoo tulijifunza katika kipindupindu, ambacho mkoa wetu wakijua sana, na katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyoua watu zaidi ya 2,200 kati ya mwaka 2018 na 2020. Si vibaya kunawa. Lakini Korona ilisafiri zaidi kwa pumzi, na pumzi hainawi.

Ushahidi ulikuwapo tangu mwanzo. Tarehe 10 Machi 2020, katika mji wa Mount Vernon, jimbo la Washington huko Marekani, kwaya moja ilikutana kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Walikuwa watu 61. Mmoja alikuwa na dalili za mafua. Waimbaji 53 walihesabiwa kuwa wameugua, na wawili wakafa. Na tarehe 7 Agosti mwaka uo huo, katika mji mdogo wa Millinocket, jimbo la Maine, ilifanyika harusi ya watu 55 tu. Ugonjwa ulitoka pale ukaingia katika nyumba ya wazee na katika gereza, mbali na pale. Wagonjwa 177 walihusishwa na harusi ile, na watu saba walikufa. Katika hao saba, hata mmoja hakuwa amehudhuria harusi. Habari hii tuliisoma mara mbili. Anayekufa kwa ajili ya karamu aweza kuwa mtu asiyepata hata kijiko cha wali wake.

Ndiyo maana, kabla ya kuhesabu viti, yafaa kuuliza ugonjwa unapita wapi. Ukiwa wa pumzi, ondoa kuta: keti uani, hema liwe na pande wazi, nyimbo zifupishwe, na karamu iwe mchana. Ukiwa kipindupindu, hema wazi halisaidii kitu. Hapo jambo kubwa ni maji ya kunywa, choo, na mikono ya wapishi, na aliyemwosha maiti asiguse sufuria kamwe. Ukiwa mpox, ambao Shirika la Afya Duniani liliutangaza kuwa hatari ya ulimwengu tarehe 14 Agosti 2024 na kuliondoa tangazo hilo Septemba 2025, ugonjwa hupita hasa kwa kugusana ngozi, na kwa nguo na matandiko ya mgonjwa. Basi kukumbatiana na kulala watu sita juu ya mkeka mmoja usiku wa kilio ndiko kwa kuangaliwa. Orodha ya waalikwa yaweza kuwa ile ile katika maradhi yote matatu. Mpango si ule ule.

Mikutano ya kazi nayo ilikuwa na shida zake. Wakubwa walisimamisha yao bila taabu kubwa. Mkutano wa migodi, ambao kila Juni hujaza hoteli ya Karavia wageni wa kila nchi, haukukusanya watu mwaka 2020; walirudi kukutana uso kwa uso Juni 2022. Walikuwa na sababu: mwishoni mwa Februari 2020 kampuni moja ya madawa iliwakutanisha wakubwa wake kama 175 katika hoteli mjini Boston, na ugonjwa ukatoka pale kwenda majimbo mengi. Lakini likelemba ya akina mama wa soko haiwezi kungoja miaka miwili. Mama aliyekwisha kutoa fedha miezi tisa, na zamu yake ni ya kumi, atangoja nini?

Twajua likelemba moja ya wanawake kumi na wawili, wauza unga na samaki wakavu, waliokuwa wakikutana kila Jumapili katika chumba cha mmoja wao. Walijaribu kutuma fedha kwa simu, M-Pesa na Airtel Money. Fedha ilifika, lakini manung’uniko yakaanza, kwa sababu zamani kila mmoja aliziona noti zikihesabiwa mezani, na sasa haoni neno. Mwenyekiti wao, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la sita, alipata dawa. Watatu walikutana uani, kila juma watatu wengine. Wakahesabu kwa sauti, na sauti hiyo ikarekodiwa katika simu na kutumwa kwa wote: jina, kiasi, jina, kiasi. Gharama ya kutuma ililipwa na yule mwenye zamu. Likelemba ile haikuvunjika. Twazijua nyingine, zenye makatibu wenye diploma, zilizovunjika mwezi wa Mei.

Kilio tumekiacha mwisho, kwa sababu ni kigumu kukiandika.

Tarehe 18 Desemba 2020 masharti yalirudi: mtu asitembee kuanzia saa 3 usiku mpaka saa 11 alfajiri, sherehe na mikutano ya watu zaidi ya 10 imekatazwa, maiti apelekwe moja kwa moja makaburini. Katikati ya Januari baba mkubwa alifariki. Alikuwa na ugonjwa wa moyo wa siku nyingi. Mtu aliyelala katika kilio za watu miaka hamsini, aliyejua jina la kila mtoto aliyezikwa katika mtaa wetu, hakuweza kulala hata usiku mmoja katika nyumba yake.

Tulifanya kama alivyotufundisha. Kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumekwisha kupiga simu kwa kila tawi la ukoo, ili asiwepo wa kusikia njiani. Kila tawi likachagua mtu mmoja wa kwenda makaburini. Shangazi, dada yake mkubwa, mwenye miaka zaidi ya themanini, alikubali kubaki nyumbani baada ya kubishana nasi asubuhi nzima. Hakukubali kwa ajili ya sheria. Alikubali tulipomwambia ya kwamba mjukuu atashika simu juu ya kaburi, naye ataseme maneno yake kabla ya udongo. Aliyasema. Simu ilikatika mara moja, tukangoja mpaka ikarudi, na padri pia akangoja.

Kaka mdogo wa ukoo, mfanyakazi wa mgodini, hakuja. Migodi mingi ya Katanga ilikuwa imewahi kuwafungia wafanyakazi kambini kwa majuma na miezi ili ugonjwa usiingie, na yeye aliogopa ya kuwa akitoka hatarudishwa kazini. Wengine walimsema vibaya. Sisi hatukumsema, ana watoto watano.

Januari ni mwezi wa mvua kwetu, basi hema tulilifunga, lakini pande zote tuliziacha wazi, na viti vinne tu chini yake. Watu walikuja mchana, wanne wanne. Walikaa nusu saa, wakatoa pole, wakaandikwa katika daftari pamoja na mchango wao, wakaondoka, na wanne wengine wakaingia kutoka njiani. Jambo hili lilidumu majuma matatu. Katika kilio cha zamani watu mia mbili hulala pamoja, na mfiwa hawezi kusema na mmoja. Mara hii mama mkubwa alizungumza na kila mtu. Alichoka sana. Alituambia ya kwamba alisikia habari za mume wake ambazo hakuzijua katika miaka arobaini na saba ya ndoa.

Daftari lile la harusi, lenye majina 312, lilikuwa bado kabatini. Tulilileta, tukaanza kutia alama kwa kila aliyekuja. Mpaka mwenye hema alipokuja kuchukua turubai lake, alama zilikuwa 268.