Safari ya kwanza Ulaya: nchi tano kwa mfuko wa mfanyakazi

Wanaoniomba ushauri wa safari ya kwanza ya Ulaya huja na orodha ileile: Paris, Roma, Barcelona, na siku zikibaki, Uswisi wakashike theluji. Mtu ana likizo ya wiki mbili na akiba ya miaka miwili au mitatu, fedha aliyoibana kwenye mshahara na mchezo wa kazini. Tukikaa na ramani nikaiunganisha miji hiyo kwa kalamu, mistari inakatiza bara zima. Ndipo namwambia: fedha yako itaishia njiani.

Hesabu yake si ngumu. Tiketi ya ndege ya bei ya kutupa unayoiona kwenye simu mara nyingi ni ya mtu na kibegi kinachoingia chini ya kiti. Begi lenyewe linalipiwa mbali. Uwanja ulioandikwa Paris unaweza kuwa ule wa Beauvais, kilomita kama 80 kutoka mjini, na ulioandikwa Frankfurt unaweza kuwa Hahn, mbali zaidi ya hapo. Kuna nauli ya basi la kwenda mjini, kuna kuamka saa tisa usiku kuwahi ndege ya alfajiri, na kuna nusu siku iliyopotea kwenye foleni. Ukifanya hivyo mara tatu katika wiki mbili, umelipa nauli nyingine nzima bila kuona kitu. Na miji hiyo mikubwa yenyewe ni ghali. Tangu Januari 2026, makumbusho ya Louvre yanamtoza mgeni wa kutoka kwetu euro 32, bei ya juu kuliko wanayolipa wenyeji wa Umoja wa Ulaya.

Ushauri wangu ni mmoja, na sijaona sababu ya kuubadili: safari ya kwanza iwe ya nchi zinazopakana, uzipite kwa reli na basi, uingilie mji mmoja na kutokea mwingine bila kurudi nyuma. Tiketi ya namna hiyo, ya kutua hapa na kuondokea kule, mashirika mengi yanayoruka kutoka Dar es Salaam na Nairobi huiuza kwa bei isiyotofautiana sana na ya kwenda na kurudi. Muulize wakala wako kwa jina la miji yote miwili.

Njia ninayoipendekeza, ambayo mwenyewe nimeipita, ni hii: Amsterdam usiku 2, Brussels usiku 2, Trier usiku 3 huku ukitembelea Luxembourg mchana, Köln usiku 2, Berlin usiku 4, kisha nyumbani. Jumla usiku 13.

Ukishaijua njia, hesabu usiku, maana usiku ndio unaoamua mlango wa ubalozi. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi 29, lakini maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, yanakwenda kwa nchi utakayoingilia kwanza. Kwa njia hii unatua Uholanzi, lakini unalala Ujerumani usiku 9 kati ya 13, kwa hiyo maombi yako ni ya Ujerumani. Wengi huanguka hapa. Wamesikia kwamba ubalozi fulani hausumbui, wanaomba huko, halafu karatasi zao za hoteli zinaonyesha wanakwenda kwingine.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Hizo siku 15 zisahau kabisa. Miadi yenyewe inaweza kukosekana wiki kadhaa, na uamuzi unaweza kuchukua hadi siku 45. Mimi humwambia mtu aanze miezi minne kabla, na nafasi za hoteli achague zile zinazofutwa bila faini, ili akinyimwa viza asipoteze na vyumba.

Kwenye taarifa ya benki naomba tuelewane vizuri. Kuna desturi ya kukopa milioni kadhaa kwa ndugu, kuziweka kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi, na kuzirudisha muhuri ukishagongwa. Ofisa wa viza anasoma akaunti ya miezi kadhaa, haangalii salio la mwisho peke yake. Akiona mshahara wa laki saba unaingia na kutoka, kisha ghafla milioni kumi, hatakuuliza. Atakataa. Heri akaunti yenye kiasi kidogo kilichopanda polepole mwaka mzima, pamoja na barua ya mwajiri inayotaja likizo na siku ya kurudi kazini, kuliko mlima wa fedha ya kuazima. Na yule kijana wa mtaani anayeahidi kukutengenezea kila kitu, hadi barua ya hoteli usiyoijua, mkimbie. Karatasi moja ya uongo inaharibu maombi haya na yatakayofuata.

Sasa matumizi. Kwa njia hii mimi hutenga euro 80 kwa siku kwa malazi, chakula na nauli, yaani euro 1,040 kwa usiku 13, mbali na ndege, viza na bima. Inawezekana kwa anayekubali kulala hosteli, chumba cha vitanda sita au vinane, na kupika jikoni kwao walau mlo mmoja. Asiyekubali hayo aongeze mara moja na nusu. Nenda Mei au Septemba. Julai na Agosti wenyewe Wazungu wako likizo na vyumba vinapanda. Januari utalipia makoti. Amsterdam hutoza kodi ya mgeni ya asilimia 12.5 ya bei ya chumba, kwa hiyo tafuta kitanda Haarlem, robo saa hivi kwa treni, mji mzuri wenye mifereji yake yenyewe.

Maji ya bomba yananywewa nchi zote hizi. Beba chupa yako. Ujerumani, ukinunua soda dukani, bei inaongezwa senti 25 za chupa ya plastiki, na wageni wengi huitupa chupa pamoja na senti zao. Karibu kila supamaketi ina mashine ukutani, yenye tundu la duara. Ingiza chupa, itaizungusha, itaisoma na kuimeza, kisha bonyeza kitufe ikutolee karatasi ndogo ya kupeleka kwa keshia. Chupa nane ni euro 2, bei ya mkate wa siku mbili. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, isipokuwa ya stesheni kubwa, kwa hiyo nunua chakula Jumamosi. Kwenye mashine ya fedha, ikikuuliza kama utatozwa kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Kubadilisha kwa shilingi hapo hapo ni kwa bei wanayoipanga wao, na haijawahi kuwa nzuri.

Nauli ndiyo inayoifanya njia hii iwezekane. Ndani ya Ujerumani kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschlandticket, ambayo tangu Januari 2026 ni euro 63. Inakupandisha treni zote za mikoani, treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya miji, nchi nzima. Treni za kasi za ICE haihusiki nazo. Masharti yake ni mawili ya kukumbuka. Inahesabu mwezi wa kalenda, kwa hiyo panga siku zako za Ujerumani zisivuke mwisho wa mwezi. Tena inauzwa kwa mkataba unaojirudia, kwa hiyo ifute kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo, la sivyo utakatwa na mwezi unaofuata. Ukipanda bila tiketi, au na tiketi ambayo hukuigonga kwenye mashine pale inapotakiwa, faini ni euro 60. Wakaguzi huvaa nguo za kawaida, na kusema u mgeni hakusaidii.

Luxembourg ni habari nyingine. Tangu mwisho wa Februari 2020, treni, tramu na mabasi ya nchi nzima ni bure kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni, isipokuwa daraja la kwanza la treni. Lakini vyumba vyake vina bei ya mabenki yaliyojaa pale. Ndiyo maana nasema ulale Trier, ng'ambo ya mpaka, mji wa Ujerumani wenye lango la Kirumi lililojengwa mwaka 170 hivi, na nyumba aliyozaliwa Karl Marx mwaka 1818.

Asubuhi moja panda treni ya Trier kwenda Perl. Inafuata mto Moselle, mashamba ya mizabibu yamepanda vilima pande zote mbili. Perl ni stesheni ndogo. Ukishuka, tembea hadi darajani, uvuke mto kwa miguu. Kijiji unachoingia ng'ambo ni Schengen.

Nilisimama pale nikiwa na pasipoti mfukoni, yenye karatasi ya viza iliyoandikwa jina la kijiji hicho, jina nililoliandika kwenye fomu, nililolisoma kwenye bima, lililonikosesha usingizi miezi mitatu. Ni nyumba chache, mto, na gati. Tarehe 14 Juni 1985, wawakilishi wa nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Luxembourg na Uholanzi, walitia saini mkataba wao hapo mtoni, ndani ya meli iitwayo Princesse Marie-Astrid. Walipachagua kwa sababu nchi tatu zinakutana hapo. Ufaransa inaanza mwisho wa kijiji, na kwa miguu unaifikia na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Kwa hatua hizo umekanyaga nchi zote tano za mkataba wa kwanza kwa safari moja, na ya Ufaransa haikukugharimu senti. Kisha panda basi la bure hadi Luxembourg mjini, utazame bonde lake kutoka juu ya kuta za ngome, na jioni treni ya bure ikufikishe Wasserbillig mpakani. Kutoka hapo hadi Trier ndipo unapohitaji tiketi.

Beba pasipoti yenyewe siku hiyo, usibebe kivuli chake. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024, na polisi huingia ndani ya treni. Kwenye viwanja vya ndege nako, tangu Oktoba 2025, Ulaya imeanza kusajili alama za vidole na picha za wageni badala ya kugonga muhuri, na siku unazoruhusiwa kukaa, zisizozidi 90 ndani ya siku 180, zinahesabiwa na mashine.

Brussels sitaisemea mengi. Ila siku yenye hamu ya chakula cha nyumbani, nenda Matonge, mtaa wa Wakongo huko Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa, ule pondu na samaki, na ukisalimia kwa Kiswahili huenda akakuitikia mtu wa Bukavu au Goma. Kutoka Trier kwenda Köln treni za mikoani zinaweza kukupitisha Bonn, mji ambako Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, ina makao yake. Köln kanisa kuu lake liko mlangoni mwa stesheni: ujenzi ulianza 1248 ukamalizika 1880, na minara yake ina mita 157. Kutoka Köln hadi Berlin ni mbali kwa treni za mikoani, utabadilisha mno. Hapo nunua mapema tiketi ya punguzo ya treni ya kasi, au panda basi.

Berlin nimeiweka mwisho kwa makusudi, na nimeipa usiku 4. Katika makumbusho ya viumbe asilia, Museum für Naturkunde, mtaa wa Invalidenstraße, unaingia ukumbi wa kwanza na kuinua shingo. Mbele yako amesimama dinosaria wa urefu wa mita 13.27, mifupa iliyounganishwa mirefu kuliko yote ya dinosaria waliosimamishwa duniani. Wanasayansi wanamwita Giraffatitan. Alitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, wakati wa ukoloni wa Kijerumani, mamia ya watu wa kusini walichimba mifupa ile kwa majembe, chini ya usimamizi wa mwenzao Boheti bin Amrani, kisha wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Ilikuwa zaidi ya tani 200.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbi ule karibu saa nzima. Watoto wa shule za Berlin walikuwa wamelala chali sakafuni wakimtazama kichwa. Wengi wetu tunamaliza shule bila kujua kwamba yupo.

Makumbusho hayo hufungwa Jumatatu. Panga siku zako uwahi siku nyingine, ukamwone.