Siku Moja Nyakabindi: Namna ya Kutazama Maonyesho ya Kilimo

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Agosti, wakulima hukusanyika katika viwanja vya maonyesho kuadhimisha sikukuu yao ya tarehe 8, iitwayo Nane Nane. Zamani sikukuu hiyo ilikuwa Saba Saba, tarehe 7 Julai, nayo ikahamishiwa Agosti katika miaka ya 1990. Sisi wa visiwani tunao uwanja wetu Dole Kizimbani, Unguja. Lakini wako wanachama wenye ndugu na watoto waliofungua maduka bara, na wakienda kuwatazama wakati huo huchukuliwa kwenye maonyesho ya huko. Wengine hurudi wakisema kwamba waliyoyaona yote ni pamba na ng'ombe, nayo hayamfai mtu wa karafuu.

Twapenda kueleza hapa kwamba yanamfaa, ila yataka kutazamwa kwa jicho la mwenye mikarafuu. Tumechukua mfano wa mahali palipo mbali kabisa na bahari, yaani Nkoma.

NKOMA NA NYAKABINDI

Nkoma ni kata katika Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu, ambao sehemu yake kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga, ulianzishwa mwaka 2012, na makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya Wasukuma, yenye mifugo mingi, na ndiyo inayoongoza kwa pamba katika Tanzania. Mvua zake huanza kama Oktoba au Novemba na kwisha kama Mei. Huko hakuna mkarafuu hata mmoja.

Uwanja wa maonyesho wa watu wa Nkoma ni Nyakabindi, karibu na mji wa Bariadi. Uwanja huo hutumiwa na mikoa ya Simiyu, Shinyanga na Mara, na ndipo Nane Nane ya kitaifa ilipofanyika mwaka 2018, 2019 na 2020. Mkulima wa Nkoma aondokaye alfajiri hufika, akazunguka mabanda na vipando, akarudi kwake siku ile ile. Siku moja si ndefu. Asiyejua anachokitafuta huimaliza kwa kusikiliza vipaza sauti na kula nyama choma, akarudi na mfuko wa karatasi za matangazo ambazo hatazisoma.

KIPANDO KIBICHI KATIKA NCHI KAVU

Jambo la kwanza la kutazama ni ardhi yenyewe. Mwezi wa Agosti nchi ya Nkoma ni kavu. Pamba imekwisha kuchumwa na majani yamekuwa ya rangi ya kahawia. Lakini mgeni akiingia uwanjani huona mahindi mabichi, mboga zilizostawi, na pamba yenye vitumba kana kwamba ni mwezi wa Aprili. Muujiza haumo katika jambo hili. Vipando hupandwa kwa hesabu, miezi kabla ya sikukuu, vikamwagiliwa maji na kupaliliwa na watu ambao kazi yao ni hiyo tu, ili viwe tayari siku ya wageni.

Desturi hii si ya kwetu peke yetu. Huko London yako maonyesho makubwa ya bustani yafanyikayo Chelsea tangu mwaka 1913, na watu wengi huyaendea kwa siku moja. Watunza bustani wa huko huweka mimea mahali pa joto ili kuharakisha maua, au mahali pa baridi ili kuyachelewesha, mpaka yote yachanue juma lile moja. Anayenunua mmea wa namna hiyo akautia bustanini kwake asitegemee utakuwa vile alivyouona.

Basi hapana ubaya kuonyesha kipando kizuri, kwani nani atapika chakula cha wageni ovyo? Ubaya ni mgeni kudhani kwamba shamba lake litakuwa hivyo bila maji yale, samadi ile na mikono ile. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kipando chochote ni hili: maji yametoka wapi, na jumla ya gharama ni kiasi gani?

MIEZI SITA NA MIAKA SABA

Hapa ndipo sisi tunapoachana na ndugu yetu wa Nkoma, na wanachama walitie jambo hili moyoni.

Mkulima wa pamba hupanda mwezi wa Novemba au Desemba. Kuanzia Mei au Juni anachuma. Akisha kuchuma hung'oa miti yote na kuichoma, kwa kuwa ndiyo amri ya kilimo cha pamba, ili funza wa vitumba wasipate pa kukaa mpaka msimu ujao. Shamba linabaki tupu. Ikiwa alipotoshwa maonyeshoni, akatumia dawa isiyofaa au nafasi isiyofaa, atajua baada ya miezi sita. Atapata hasara, lakini mwaka ujao ataanza upya katika ardhi tupu.

Mwenye mikarafuu hana nafasi hiyo. Mche tunaoupanda leo huanza kuzaa katika mwaka wa sita, wa saba au wa nane, na haufikii nguvu zake zote ila baada ya miaka mingi zaidi. Ukitunzwa, wajukuu watauchuma. Ikiwa mche ni dhaifu, au tumepanda pasipofaa, hatutajua mwaka huu wala mwaka kesho. Tutaupalilia, tutaulinda na mchwa, tutaungoja, na mwaka wa nane ndipo tutakapoambiwa kwamba tuliharibu. Miaka minane katika umri wa mtu haifidiwi.

Kwa hiyo mtu wa Nkoma anaweza kujaribu shamba zima kwa neno alilolisikia bandani. Sisi tujaribu kwanza katika mti mmoja au miwili, tuungoje, ndipo tulipeleke shamba zima.

MAMBO YA PAMBA YANAYOTUFAA

Yapo, hata hivyo, mambo ambayo pamba na karafuu ni ndugu. Kilo tatu za pamba ichumwayo shambani hutoa takriban kilo moja ya nyuzi au kuzidi kidogo, na kilichobaki ni mbegu. Kilo tatu za karafuu mbichi nazo, zikikauka vyema, hutoa kama kilo moja. Kwa wote wawili, basi, kinachotafutwa hasa ni kama theluthi ya kile tulichokichuma, na wote wawili thamani yetu imo katika usafi.

Wazee wa Usukumani walifundishwa kuchambua pamba wakati wa kuchuma na kuiweka katika mafungu mawili. Nyeupe iliyo safi iliitwa safi, na yenye madoa iliitwa fifi, na kila fungu lilikuwa na bei yake. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wanunuzi walikuwa wengi na kila mmoja akitaka mzigo upesi. Uchambuzi ukalegea. Wako waliotia maji katika pamba ili iwe nzito, na wako waliotia mchanga. Matokeo yake ni kwamba pamba ya Tanzania, iliyokuwa ikipata nyongeza ya bei katika soko la dunia, ilipoteza nyongeza hiyo. Aliyetia mchanga alipata shilingi chache siku ile, na hasara ikawa ya wote, hata ya yule ambaye pamba yake ilikuwa safi.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu linatuhusu sana. Siku hizi karafuu nyingi zaidi hutoka Indonesia, na Madagascar hupeleka nyingi nje. Visiwa vyetu havishindani tena kwa wingi. Tulichobaki nacho ni jina, na jina hilo hukaa katika jamvi la kila mwanachama. Karafuu iliyorundikwa usiku mzima kabla ya kuanikwa huchemka na kupauka. Iliyoanikwa kando ya barabara hupata vumbi, na iliyochanganywa na makonyo humdanganya mnunuzi mara moja tu. Mwanachama atakayefika kwenye banda la pamba na amwombe mwenye banda amwonyeshe mafungu mawili, safi na chafu, ayashike kwa mkono. Somo hilo latosha kulipia nauli.

MCHE WA MAONYESHONI

Karibu kila uwanja wa maonyesho huuza miche na mbegu, na hapa twataka wanachama wawe macho.

Kwanza, mbegu ya mkarafuu haihifadhiki. Yataka kupandwa ingali mbichi, na ikikaushwa hufa. Mtu akikuuzia mbegu kavu ya mkarafuu katika pakiti, hata kama pakiti ina picha nzuri, amekuuzia kitu kilichokufa.

Pili, tazama miguu ya mche, si kichwa chake tu. Mche uliokaa mno katika mfuko wa plastiki huwa na mizizi iliyojiviringa chini, na mti huo hata ukikua hausimami imara. Mche mfupi wenye mizizi iliyonyooka ni bora kuliko mrefu uliofungwa.

Tatu, miche ya maonyeshoni hukaa kivulini. Ukiutoa humo ukaupanda juani siku ile ile utaungua. Sharti uzoeshwe jua kidogo kidogo.

Nne, kumbuka kalenda. Tarehe 8 Agosti si wakati wa kupanda mikarafuu. Mche ulionunuliwa siku hiyo, hata hapo Kizimbani, utahitaji kivuli na maji mpaka mvua za vuli. Asiye na maji karibu afadhali angoje miche ya bustani za Serikali wakati wa mvua.

Tano, mwanachama aliye bara asivuke bahari na mche wala udongo. Sheria ya Zanzibar yataka kibali kwa kuingiza mimea, nayo haikuwekwa kutusumbua. Maradhi ya mimea husafiri katika udongo na mizizi. Wazee wetu waliona mikarafuu mizima ikinyauka na kufa kwa maradhi ya kifo cha ghafla, na hakuna shamba la karafuu linaloweza kung'olewa na kuchomwa kila mwaka kama la pamba.

YASIYOONEKANA BANDANI

Mambo mengine makubwa ya nchi ya Nkoma hayaonekani vizuri uwanjani, kwa kuwa ni ya polepole kama mambo yetu. Wakati wa ukoloni misitu mingi ya Usukumani ilikatwa ili kuwaondoa mbung'o na kupanua mashamba, na nchi ikabaki wazi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, nao uliendelea mpaka 2004. Sehemu kubwa ya Simiyu ya leo ilikuwa bado katika Shinyanga. Mwanzo mradi ulishughulika kugawa miche. Baadaye mabwana misitu waliona kwamba wenyeji walikuwa na desturi yao iitwayo ngitili, ya kutenga sehemu ya malisho mvua zianzapo, isiguswe na mifugo mpaka kiangazi. Palipotengwa hivyo, visiki na mizizi ya zamani vilichipua vyenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa, Tuzo ya Ikweta.

Kazi ya miaka 18 haiwezi kuingia katika banda la siku nane. Mwanachama mwenye nafasi ya siku ya pili baada ya Nyakabindi na aende kijijini, aombe kuonyeshwa ngitili, na awaulize wazee iliwachukua muda gani na nani alilinda. Sisi pia tuliwahi kupoteza miti yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na waliopanda upya walijua kwamba watangoja.

MASWALI YA KUCHUKUA SAFARINI

Mwanachama aendaye Dole Kizimbani, Nyakabindi au kwingineko aandike maswali haya, na akifika asione haya kumwuliza bwana shamba au bibi shamba:

1. Kipando hiki kilipandwa lini, na kilimwagiliwa mara ngapi?
2. Kiko wapi kipando cha pili, ambacho hakikutiwa dawa wala mbolea hii, ili nilinganishe?
3. Gharama yote ni kiasi gani kwa eka moja, pamoja na vibarua?
4. Jambo hili limejaribiwa katika miti ya kudumu, au katika mazao ya msimu tu? Kwa miaka mingapi?
5. Ni mkulima gani wa kawaida aliyelitumia, na naweza kumtembelea?

Mwenye banda anayejua kazi yake atafurahi kujibu. Akikwepa swali la pili au la nne, mshukuru kwa adabu, uendelee na banda linalofuata.

Wanachama watakaokwenda mwaka huu tunawaomba waandike majibu waliyopewa na kuyaleta katika mkutano wa tawi. Watu kumi wakileta majibu kumi, wale waliobaki nyumbani kwa kukosa nauli nao watakuwa wamefaidika na safari hiyo.