Msitu Unaolipiwa Ada

Barabara ya Mountain Loop, katika jimbo la Washington huko kaskazini-magharibi mwa Marekani, huanzia mji mdogo wa Granite Falls na kupanda kuelekea milima ya Cascade. Theluji ikianguka, sehemu yake ya juu hufungwa kwa miezi kadhaa. Kando ya barabara hiyo, katika eneo la msitu wa taifa wa Mt. Baker–Snoqualmie, ipo Triangle Recreation Camp, kambi ya mashoga na wasagaji inayosimama kwa ada za wanachama wake. Watu hutoka Seattle Ijumaa jioni na mahema yao, wengine wakivuta trela, na Jumapili wanarudi mjini.

Ingetegemea malipo ya usiku peke yake, kambi ya aina hii isingefika mbali. Upande huu wa Cascade mvua hunyesha karibu mfululizo kuanzia Oktoba hadi Mei. Msimu wenye fedha huanza wikendi ya sikukuu ya Memorial Day, mwishoni mwa Mei, na kwisha kwa sikukuu ya Labor Day, mwanzoni mwa Septemba. Hizo ni wikendi 15 au 16. Gharama, kwa upande wake, hazina msimu: kodi ya ardhi, bima, mlinzi wa lango, miti iliyoangukia njia Januari, pampu ya kisima iliyopasuka kwa baridi, tangi la maji taka linalotaka kunyonywa. Maji nayo yana sheria yake. Jimbo la Washington linahesabu kuwa mfumo wa maji wa umma, wenye masharti makali ya upimaji, kisima chochote kinachohudumia watu 25 au zaidi kwa siku, kwa siku 60 au zaidi kwa mwaka. Kambi ikikua kidogo tu inajikuta na kazi za idara ya maji.

Tupige hesabu ya mfano, isiyo ya kambi yoyote halisi. Kambi ina viwanja 60, kila kimoja dola 30 kwa usiku. Wikendi 15 za usiku mbili mbili, viwanja vyote vikijaa, zinaleta dola 54,000. Lakini havijai. Mvua ikiharibu nusu ya msimu, zinabaki dola 27,000, na bima peke yake inaweza kumeza sehemu kubwa ya hizo. Sasa tuweke wanachama 400 wanaolipa dola 120 kwa mwaka: dola 48,000 ziko benki kabla hema la kwanza halijasimamishwa, mvua inyeshe isinyeshe. Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Ada ya usiku inalipia matumizi. Ada ya mwaka inalipia kambi kuwepo, na wapo wanachama wanaolipa mwaka mzima bila kulala huko hata usiku mmoja.

Kwa nini mtu alipie mahali asipolala? Jibu lina damu ndani yake. Mei 1988, wanawake wawili wapenzi, Rebecca Wight na Claudia Brenner, walipiga hema karibu na njia ya miguu ya Appalachian Trail huko Pennsylvania. Mwanamume aliyekuwa akiwafuatilia msituni aliwafyatulia risasi. Wight alikufa; Brenner, akiwa na majeraha ya risasi, alitembea hadi barabarani kutafuta msaada. Mwaka 1996 wapenzi wengine wawili, Julianne Williams na Lollie Winans, waliuawa kambini mwao katika hifadhi ya taifa ya Shenandoah, Virginia. Ilipita miaka 28 kabla FBI haijamtaja muuaji kwa ushahidi wa vinasaba, na wakati huo alikuwa ameshafia gerezani. Wapanda milima wa kawaida walisoma habari hizi wakasikitika. Wapo wanawake wanaopenda wanawake waliozisoma wakauza mahema yao. Kwa hiyo bidhaa inayouzwa nyuma ya lango la kambi ni usingizi: kulala msituni karibu na umpendaye bila kusikiliza kila kijiti kinachovunjika nje. Sioni jambo la ajabu watu kuilipia bidhaa hiyo hata mwaka ambao hawakuitumia.

Uanachama una kazi nyingine, ya kisheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inawataka wenye hoteli na migahawa wasibague wateja kwa rangi, dini au asili, lakini inaziacha nje klabu binafsi zisizofunguliwa kwa umma. Klabu inayotaka kuchagua nani apite langoni inapaswa kuwa klabu kweli, yenye fomu, masharti na daftari la wanachama. Kadi inayouzwa kwa kila apitaye haiifanyi biashara kuwa klabu.

Halafu inakuja mamlaka ya kodi. Klabu za burudani zisizogawana faida zina kifungu chao katika sheria ya kodi ya mapato, 501(c)(7). Mapato yanayotoka kwa wanachama hayatozwi kodi, kwa sharti kwamba fedha za nje, pamoja na riba ya benki, zisizidi asilimia 35 ya mapato yote, na zile zinazotoka kwa watu wa nje wanaotumia viwanja na huduma zisizidi asilimia 15. Mgeni wa mwanachama ana utaratibu wake: kundi lisilozidi watu wanane, lenye angalau mwanachama mmoja, na malipo yakipita mkononi mwa mwanachama, kwa kawaida wote huhesabiwa kuwa wageni wake. Kwa hiyo mweka hazina wa klabu ya aina hii hawezi kuziba pengo la bajeti kwa kufungulia watalii lango mwezi mzima wa Agosti. Akivuka kiwango, hadhi yote ya klabu inaingia hatarini. Msomaji aliyekaa kwenye mkutano mkuu wa sakosi yake anaijua nidhamu hii: fedha za wanachama zina heshima yake, na zina mipaka yake.

Jimbo hilohilo la Washington lilizaa pia jaribio kubwa la kuuza uanachama wa kambi kibiashara. Milton Kuolt alianzisha Thousand Trails mwaka 1969, na familia za Marekani zikawa zinalipa maelfu ya dola kununua haki ya kupiga kambi katika viwanja vya kampuni. Kampuni ilikua haraka, lakini ukuaji ule uliegemea zaidi mauzo ya kadi mpya kuliko ada za waliokwisha kujiunga. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 mtindo huo uliyumba. Kambi ndogo za ada za kila mwaka hazikui kwa kasi ile, na hazihitaji. Mradi walewale warudi mwakani.

Kuna mapato mengine yasiyoonekana kwenye mizania: msaragambo. Mwezi Aprili wanachama huitwa kufyeka, kupaka rangi, kurudisha changarawe iliyosombwa na mvua. Kazi hiyo ingelipiwa kwa bei ya fundi, kambi nyingi zingefungwa. Tamasha la muziki la wanawake la Michigan, lililofanyika kila mwaka kuanzia 1976 hadi 2015, kwa miaka mingi kwenye ardhi ya ekari 650 hivi karibu na mji wa Hart, liliendeshwa kwa misingi hiyo: aliyelipa kiingilio alipangiwa pia zamu, akikata vitunguu vya maelfu ya watu au akiongoza magari. Ni tamasha hilohilo lililopasuliwa na mabishano ya miaka mingi kuhusu kuwazuia wanawake waliobadili jinsia. Ugomvi wa nani ni mwanachama ni hatari ya kibiashara kama moto, na bima yake haiuzwi popote.

Zipo pia kambi za mmiliki binafsi. Pennsylvania, saa chache kutoka New York na Philadelphia, zimo The Woods huko Lehighton na Hillside huko Gibson. Zina bwawa la kuogelea, muziki, na wageni wanaokodi kiwanja cha trela kwa msimu mzima. Zinaendeshwa kwa ufundi zaidi kuliko kambi nyingi za kujitolea, nami nazisifu. Hata hivyo ardhi ya mmiliki hufuata maisha ya mmiliki. Huko California, kwenye mto Russian, Peter Pender alifungua kituo cha mapumziko cha Fife's mwaka 1978, na mji wa Guerneville ukawa kimbilio la mashoga wa San Francisco. Yakaja mafuriko, ukaja Ukimwi, Pender akafariki. Baadaye mali iliuzwa, na leo ni Dawn Ranch, hoteli ya watu wote.

Swali la sasa ni nani ataendelea kulipa. Jimbo la Washington lilipiga marufuku ubaguzi dhidi ya wapenzi wa jinsia moja mwaka 2006, na wapiga kura wake wakaidhinisha ndoa zao mwaka 2012. Kijana wa miaka 25 anaweza kukodi kibanda cha msituni kwa simu, na mwenye nyumba asimuulize lolote. Waliojenga kambi hizi wanazeeka. Magoti yao hayaipendi tena Aprili. Na moto umeshavuka kuja upande wa mvua: moto wa Bolt Creek wa Septemba 2022 uliteketeza zaidi ya ekari 14,000 na kuifunga barabara kuu ya US 2. Mawakala wa bima waliuona moshi ule kama wengine wote.

Kwa maoni yangu, kambi itakayovuka ni ile inayompa kijana kura na ufunguo wa ghala tangu mwaka wake wa kwanza, kwa ada ya chini, na kuwaomba wenye kipato wachangie zaidi. Kupandisha ada kwa wote sawasawa huwafukuza walewale wenye nguvu za kubeba magogo. Bodi zinazokutana majira ya baridi kupanga bajeti zina vitu vitatu vya kutazama kabla ya muziki na bwawa: akiba ya kubadilisha pampu, malipo ya bima, na umri wa watu waliojitokeza kwenye msaragambo uliopita.