Tumfahamu nyoka kabla ya kuinua fimbo



Siku moja wanafunzi wangu walinikimbilia wakiwa na nyoka aliyekufa, wamemning'iniza kwenye kijiti. Walimkuta kando ya ziwa, kati ya mawe, pale mama zao wanapofulia nguo. «Mwalimu, tumeokoa watu!» Nilimtazama: mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo la rangi ya njano. Hakuwa na sumu hata kidogo. Nyoka huyo wa maji anaishi katika ziwa Tanganyika tu, hapatikani pengine popote duniani. Mchana hujificha kati ya mawe, usiku hutoka kuvua samaki wadogo.

Ziwa letu lina mwingine, kobra wa maji. Huyo ni mkubwa, anaweza kupita metre mbili, na ana mistari myeusi shingoni. Sumu yake ni kali, lakini ni mwoga: akisikia watu hupiga mbizi na kukimbia. Tusimguse, hata akinaswa wavuni. Mvuvi akate wavu, asimshike kwa mkono.

Wanazaa wengi, wanabaki wachache

Nyoka hawazai kwa njia moja. Kobra hutaga mayai. Kifutu, yule mnene anayelala njiani bila kukimbia, huzaa watoto hai, mara nyingi 20 hadi 40 kwa mara moja, na kila mtoto huzaliwa tayari na sumu yake. Kwa hiyo tusiwaachie watoto wetu wachezee nyoka «kwa sababu ni mdogo».

Basi kwa nini Fizi haijajaa vifutu? Kwa sababu wengi hufa kabla ya kukomaa. Ndege, nguchiro, kenge na nyoka wengine huwala. Katika watoto wote ambao mama mmoja anazaa maisha yake yote, wakibaki wawili tu wa kushika nafasi ya wazazi, hesabu haipandi wala haishuki. Lakini tukiacha mahindi, karanga na takataka karibu na nyumba, panya wanaongezeka, na nyoka wanafuata chakula hadi mlangoni. Mara nyingi sisi wenyewe tumewaita.

Chatu naye ana jambo la kushangaza. Profesa Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, aliwafuatilia chatu wa huko kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 akaeleza alichoona. Mama hujizungusha juu ya mayai yake bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hukaa na watoto karibu wiki mbili zaidi. Hata huyo tunayemwogopa anajua kulea.

Hatari ni ya kweli

Sisemi hayo ili tucheze na nyoka. Shirika la Afya Duniani linasema kila mwaka watu kati ya 81 000 na 138 000 wanakufa kwa kuumwa na nyoka, wengi wao watu wa vijijini wanaolima. Ni sisi tunaoinama kwenye muhogo na kuokota kuni.

Tujikinge hivi:
- Tufyeke nyasi kuzunguka nyumba, na kuni tuziweke mbali na mlango.
- Usiku tutembee na tochi, na watoto wavae viatu.
- Tusilale chini. Chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.
- Tusiingize mkono ndani ya shimo au chini ya jiwe. Tutangulize fimbo.

Mtu akiumwa:
- Mtulize, asitembee. Mvue pete na bangili kabla hajavimba.
- Funga kijiti kando ya mguu au mkono usicheze, kama uliovunjika.
- Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Jiwe jeusi halitoi sumu mwilini, linapoteza saa tu.
- Usimtafute nyoka. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja, kwa pikipiki akae katikati ya watu wawili.
- Nyoka akitema sumu machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha nenda kwa muganga.

Mama wangapi wamemaliza usiku mzima kwa jirani mwenye dawa za majani, wakafika kwa daktari alfajiri mtoto hapumui vizuri? Tunawafahamu. Hawakukosa upendo, walikosa habari.

Kwa hiyo naomba kila kikundi kifanye jambo moja wiki hii. Tumeni mama wawili kwenye kituo cha afya kilicho karibu, waulize: dawa ya sumu ya nyoka ipo? Kama haipo, ipo wapi, na ni njia gani ya kufika usiku? Jibu liandikwe na lisomwe mbele ya wote kwenye kikao. Na pesa kidogo ya likelemba iwekwe kando kwa ajili ya pikipiki.

Wanafunzi wangu sasa wakimwona yule mdogo wa kahawia kati ya mawe, wanasimama mbali na kumwacha apite.