Kidonda Kisichouma

Mtu aliyeingiwa na kijiwe katika kiatu huchechemea, husimama na kukitoa. Mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi huweza kutembea nacho kutwa nzima pasipo kujua. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu hudhuru neva, na zile ndefu ndizo zinazotangulia kuathirika. Ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu na kupanda polepole. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku, wakiwa wamelala.

Neva hizo hizo huamrisha jasho na misuli. Zikiharibika, ngozi hukauka na kupasuka, vidole hupinda, na uzito wa mwili huangukia sehemu chache za wayo. Hapo huota sugu. Sugu huonekana kama ngao, lakini kwa kweli huikandamiza nyama iliyo chini yake kama jiwe, hata kidonda kikaanza ndani kabla ya kuonekana nje.

Wengi hutafuta dawa ya kupaka, ilhali kidonda kinapondwa kwa kila hatua. Daktari Paul Brand, aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba nyayo za wagonjwa wa ukoma hazikuoza zenyewe, bali ziliumia kwa kukanyagiwa bila kuhisi. Mguu ulipofungwa plasta ngumu ya jasi, kama ule uliovunjika, uzito ulitawanyika na kidonda kikapona. Njia hiyo baadaye ilitumiwa kwa wenye kisukari, na hadi leo ni miongoni mwa tiba bora za kidonda cha wayo. Haifai, hata hivyo, kwa kila mguu: penye usaha mwingi, au ateri zilizoziba na kuufanya mguu kuwa baridi, hayo hushughulikiwa kwanza. Kudhibiti sukari, kuondoa nyama iliyokufa na kubadilisha bandeji safi ni kazi za lazima, lakini haziwezi kushinda uzito wa mwili.

Mwenye ganzi hana budi kutumia macho badala ya maumivu. Huchunguza nyayo kila siku, kwa kioo au kwa msaada wa jamaa. Hukung'uta viatu kabla ya kuvaa. Hupima joto la maji kwa kiwiko. Wala hakati sugu kwa wembe. Kliniki hupima hisia kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10.

Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo joto la mguu mmoja hulinganishwa na la mwingine kwa mkono. Uvimbe, harufu mbaya, homa, au sukari inayopanda ghafla pasipo sababu humtaka mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kidonda hakiumi.