Kufundisha Majira kwa Njia ya Vimelea vya Samaki

Mtoto akaaye karibu na mto Ruvubu wilayani Ngara, au karibu na ziwa Burigi upande wa Biharamulo, amekwisha kuona mnyoo ndani ya samaki anayepasuliwa jikoni. Aghalabu mnyoo hutupwa, pengine na samaki pia, na habari ikaishia hapo. Mwalimu wa Sayansi asikubali iishie hapo, kwani ndani yake mna somo la majira, la hesabu na la afya.

Maisha ya kimelea

Kimelea ni kiumbe kiishicho juu ya kiumbe kingine au ndani yake, na kujipatia chakula humo. Tuchukue mfano wa mnyoo bapa mdogo, wa manjano, aonekanaye chini ya ngozi ya samaki au karibu na matamvua. Mnyoo huyu hukomaa kinywani na kooni mwa ndege walao samaki, kama vile kulastara. Mayai yake huanguka majini ndege anapokula. Mabuu yaanguliwayo humwingia konokono na kuongezeka humo kwa wingi. Kisha hutoka, hupenya ngozi ya samaki, na kujifungia katika kifuko. Samaki akiliwa na ndege, mzunguko huanza upya.

Majira yanavyohusika

Katika nchi za baridi, joto la maji ndilo litawalalo mambo haya. Kwetu joto halibadiliki sana. Kinachobadilika zaidi ni wingi wa maji. Mvua hunyesha kuanzia Septemba hadi Mei, zikipungua kidogo Januari na Februari. Juni hadi Agosti ni kiangazi. Mafuriko huwasomba konokono, na kambale huingia katika majani yaliyofunikwa na maji ili kutaga mayai. Maji yakipungua, samaki, konokono na ndege hukusanyika mahali padogo. Hapo tungetazamia maambukizo mapya yawe mengi.

Lakini mwanachuo ajihadhari. Mwezi tumwonapo mnyoo si lazima uwe mwezi alioingia. Aliye katika kifuko aweza kukaa humo miezi mingi. Wa Julai huenda aliingia tangu masika. Tena samaki mkubwa ameishi zaidi, hivyo amekusanya zaidi. Asiyeyajua haya atadhani anapima majira, kumbe anapima umri wa samaki.

Hatua za somo

1. Kila mwezi nunua kwa wavuvi samaki 10 wa aina moja, wa mahali pamoja, na wenye urefu unaokaribiana.
2. Mwalimu awapasue mwenyewe. Wanafunzi watazame matamvua, ngozi na tumbo, wakitumia kioo cha kukuzia.
3. Waandike tarehe, hali ya mvua, urefu wa samaki na idadi ya minyoo. Samaki asiye na mnyoo aandikwe vilevile, kwa sifuri.
4. Wachore jedwali la mwaka mzima ukutani.

Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba mwezi wa Aprili samaki 4 kati ya 10 walikuwa na minyoo, jumla minyoo 12. Walioambukizwa ni asilimia 40, na wastani wa kila aliyeambukizwa ni minyoo 3. Mwezi mwingine asilimia yaweza kubaki 40 na wastani ukawa 6. Waulize wanafunzi: ni nini kilichobadilika, na ni nini ambacho hakikubadilika? Mwaka mmoja hautoshi kutoa kanuni. Jedwali lihifadhiwe kwa darasa lifuatalo.

Afya

Usiwapeleke watoto majini kutafuta samaki au konokono: mna mamba, na mna kichocho. Wanaogusa samaki wabichi wanawe kwa sabuni. Waeleze pia kwamba samaki aliyepikwa akaiva vema hamwambukizi mlaji minyoo hao.

Hatimaye rudi kwenye mchoro wa mzunguko. Kichocho nacho hupitia kwa konokono, hutoka majini na kupenya ngozi. Ila safari hii ngozi ni ya mtoto, na mayai hutoka katika mkojo au kinyesi cha binadamu. Ndege hatuwezi kumzuia. Binadamu twaweza kumfundisha kutumia choo. Mwanafunzi aliyeuelewa mzunguko wa samaki ataiona sababu ya choo bila kuikariri.