Ukadiriaji wa Sifa za Udongo katika Kutabiri Mtikisiko wa Tetemeko la Ardhi: Mfano wa Jiji la Mexico

Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilitokea katika pwani ya Pasifiki ya Mexico. Jiji la Mexico, lililo zaidi ya kilomita 300 kutoka kitovuni, lilipoteza maelfu ya watu. Vipimo vya siku hiyo vilionesha jambo la kuzingatiwa. Kusini mwa jiji, juu ya mwamba wa lava, mchapuko wa mlalo ulifikia takriban asilimia 3 hadi 4 ya mchapuko wa mvutano wa dunia. Katika kituo cha SCT, kilichosimama juu ya mfinyanzi laini wa ziwa la kale, ulifikia takriban asilimia 17. Tetemeko lilikuwa moja na umbali ulikaribiana. Kilichotofautiana ni ardhi. Makala haya yanafafanua ni sifa zipi za udongo zinazopaswa kukadiriwa, na kwa nini kosa dogo la ukadiriaji huzaa utabiri wenye hatari.

Sifa mbili ndizo za msingi: unene wa tabaka laini na kasi ya mawimbi ya S, yaani yale yanayoutikisa udongo upande kwa upande. Kipindi asilia cha tabaka, ambacho ni muda wa mtikisiko mmoja kamili wa kwenda na kurudi, hupatikana kwa kuzidisha unene kwa 4 na kugawanya kwa kasi hiyo. Katika SCT, unene wa mita 38 na kasi ya mita 75 kwa sekunde hutoa kipindi cha takriban sekunde 2. Mawimbi ya kipindi hicho yalikuzwa kupita mengine, na majengo ya ghorofa 6 hadi 15 yakaathirika zaidi. Jengo la kimo hicho huanza na kipindi kifupi kuliko sekunde 2, lakini kipindi chake hurefuka kadiri msingi unavyocheza na nguzo zinavyopasuka, hadi likaribiane na ardhi iliyo chini yake.

Iwapo kasi itakadiriwa kuwa mita 90 badala ya 75, kipindi hushuka hadi sekunde 1.7, na tahadhari huelekezwa kwenye majengo mafupi zaidi. Isitoshe, ugumu wa udongo hutegemea mraba wa kasi; kosa la asilimia 20 katika kasi huwa kosa la asilimia 44 katika ugumu.

Njia za ukadiriaji hutofautiana. Jaribio la kupigilia bomba ardhini kwa nyundo ni rahisi, lakini hutoa kasi kwa kukisia tu. Sampuli za maabara huvurugwa zinapotolewa. Kupima kasi ndani ya shimo lililochorongwa huaminika zaidi, ila gharama ni kubwa. Kurekodi mitetemo midogo ya kawaida na kulinganisha ya mlalo na ya wima hufichua kipindi moja kwa moja, bila kutenganisha kasi na unene. Wastani wa kasi katika mita 30 za juu, unaotumika katika kanuni nyingi za ujenzi, hausemi lolote kuhusu kina cha mwamba. Viwanja viwili vyenye wastani sawa vyaweza kuwa na vipindi tofauti kabisa.

Sifa ya tatu ni uwezo wa udongo kufinyangika. Mchanga unapotikiswa kwa nguvu hulegea na kufyonza nishati. Mfinyanzi wa Mexico, unaofinyangika mno, ulibaki karibu na hali yake ya awali na kuendelea kuyakuza mawimbi. Anayeupa mfinyanzi huo tabia za mchanga hupunguza mtikisiko kwenye karatasi tu.

Hatimaye, sifa hizi hazidumu. Uvutaji wa maji ya chini ya ardhi umelishusha jiji kwa mita kadhaa. Mfinyanzi unapojibana, unene hupungua, kasi huongezeka, na kipindi hufupika. Ramani ya zamani yaweza kulinda jengo lisilo hatarini na kuliacha lililo hatarini.

Kwa hiyo, makadirio yanapaswa kutolewa kama masafa ya thamani badala ya namba moja, yahakikiwe kwa kupima kipindi uwanjani, na yarudiwe ardhi inapobadilika.